Nani Yuko Zamu?

Watu wa mjini wakisikia natoka Kipatimu huniambia jambo moja: "Kumbe umezoea kimya." Hulisema kwa huruma, hasa wakinikuta asubuhi na macho mekundu baada ya kulala hoteli ya ugenini. Naelewa wanachofikiria. Kipatimu iko juu milimani, Umatumbini, wilaya ya Kilwa. Ukitoka Dar es Salaam kwenda kusini, unaiacha barabara kuu pale Njia Nne, unapanda kupitia Chumo, na kadiri unavyopanda ndivyo minazi inavyopungua na michungwa inavyoongezeka. Mtoto wa huko, wanasema, lazima ashindwe na kelele za jiji.

Ukweli ni kwamba kimya ndicho nilichokikosa utotoni. Usiku wa kwetu una makelele yake. Komba hulia juu ya mwembe kama mtoto mchanga aliyetelekezwa. Bundi akitua juu ya paa, hakosekani mtu wa kutoka nje kumtukana. Kukiwa na unyago, ngoma hupigwa mlima wa pili ukaisikia kitandani mpaka kunakucha. Na msimu wa mazao kuna debe.

Debe linahitaji maelezo. Mahindi yanapoanza kukomaa, nguruwe pori hushuka usiku, na miaka mingine hupita tembo. Nguruwe watano wakiingia shambani usiku mmoja, hesabu ya chakula cha mwaka inabadilika. Kwa hiyo watu huhamia mashamba na kulala madunguni. Dungu ni kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa makuti au nyasi, na kazi yake ni moja tu, kulinda. Kwetu tulilinda kwa zamu. Bibi alianza mapema usiku, mjomba akashika usiku wa manane, sisi wajukuu wakubwa tukapewa saa za kuelekea alfajiri. Aliye zamu hupiga debe na kupiga ukelele, na jirani wa shamba la ng'ambo hujibu kwa debe lake. Wasio zamu hulala papo hapo, hatua mbili kutoka kwenye mlio.

Nami nililala. Nililala fofofo chini ya kelele ambazo katika hoteli yoyote zingemfanya mgeni adai kurudishiwa fedha zake. Kilichokuwa kikinigutusha ni debe kunyamaza. Debe likinyamaza, maana yake mlinzi kasinzia, na wote tuliolala tuliinuka kwa pamoja kana kwamba tumeitwa.

Nilikuja kuifikiria habari hiyo kwa makini nikiwa Nairobi, mwezi wa nne, katika mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimepata fedha kidogo za utafiti, za kunitosha siku kumi. Utafiti wangu unahusu biashara ya boriti za mikoko, zile zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka mwambao wetu hadi Uarabuni, na taarifa za wilaya ya Lamu za wakati wa ukoloni zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Kenya, pale Moi Avenue. Siku kumi ni chache. Mafaili mengine yameandikwa kwa mkono, kwa wino uliofifia, na anayeyasoma akiwa na usingizi hufika mwisho wa ukurasa bila kukumbuka mwanzo wake. Saa moja ya usingizi iliyopotea usiku ilikuwa saa mbili za kusoma zilizopotea mchana.

Nilichagua hoteli kwa vigezo viwili: bei, na uwezo wa kwenda Nyaraka kwa miguu. Vigezo hivyo vilinipeleka upande wa Accra Road na River Road, eneo la matatu na mabasi ya mikoani. Saa kumi alfajiri makanga walikuwa tayari wamesimama chini ya dirisha langu wakiita, "Embu! Meru! Embu!" Sisi Tanzania tunawaita wapiga debe. Nililitafakari neno hilo nikiwa nimejifunika blanketi mpaka puani, maana Nairobi mwezi wa nne si Kilwa. Kwetu debe hupigwa kufukuza, mjini hupigwa kuita. Anayelipiga, huku na huko, anatetea chakula chake.

Usiku wa kwanza sikulala. Usiku wa pili nililala saa mbili hivi. Niliwaandikia wenzangu wa darasani kwenye kundi letu la WhatsApp, ushauri ukamiminika. Omba chumba cha nyuma. Omba ghorofa ya juu, mbali na lifti, mbali na ngazi, mbali na jenereta. Kunja taulo uzibe mwanya chini ya mlango. Washa feni hata kama kuna baridi, sauti yake moja isiyobadilika itazimeza nyingine. Nunua vizibo vya masikio.

Huu ni ushauri mzuri na ninautumia mpaka leo. Feni inafaa kweli, kwa sababu kinachomwamsha mtu ni sauti ya ghafla inayojitokeza juu ya nyingine, na feni inajaza pengo kati yao. Taulo linazuia sauti za ukumbini na mwanga pia. Dada wa mapokezi, nilipomwomba chumba cha nyuma, alinihamisha bila maneno mengi, nikajikuta nimebadilisha makanga kwa pampu ya maji.

Shida ilikuwa vizibo. Nilivinunua duka la dawa, vile vya sponji. Nikavifinya, nikaviingiza, dunia ikazama. Kisha nikakaa kitandani moyo ukienda mbio. Wenzangu walionishauri walikuwa wanaume, na ushauri wao ulikuwa na pengo ambalo hawakuliona. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, ghorofa ya tatu, katika nchi nisiyo na ndugu, nyuma ya mlango wenye kitasa kilicholegea. Nilihitaji masikio yangu. Usiku wa kwanza, kama saa tisa, nilisikia hatua ukumbini. Zilikuja taratibu, zikasimama, zikaendelea, zikasimama tena. Zilisimama kila mlango. Zilipofika kwangu kitasa kikatikisika kidogo sana, kama mtu aliyekigusa kwa vidole viwili. Kisha hatua zikaondoka. Usiku wa pili, saa ileile, hivyohivyo.

Niliegemeza kiti mlangoni na kuvitoa vizibo. Makelele ya barabarani ningeyavumilia, maana hayakuwa na haja nami. Sauti iliyoninyima usingizi ilikuwa ndogo kuliko zote jengo zima.

Kuna utafiti niliousoma baadaye uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016. Masako Tamaki, Yuka Sasaki na wenzao walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni. Waligundua kwamba usiku wa kwanza, katika usingizi mzito, nusu ya kushoto ya ubongo hailali sawasawa na ya kulia. Hubaki macho kiasi, na sauti ngeni ikipita huishtukia upesi zaidi. Walipowapima watu walewale siku nyingine mahali palepale, tofauti ile haikuonekana tena. Wanyama wengine wanaishi hivyo maisha yao yote. Pomboo hulala nusu ubongo kwa zamu. Na mwaka 1999 Niels Rattenborg na wenzake waliandika kuhusu bata waliopangwa mstari: wale wa katikati walifumba macho yote mawili mara nyingi zaidi, lakini wale wa pembeni waliacha jicho moja wazi, lile linalotazama nje ya kundi.

Niliposoma habari ya bata nilicheka peke yangu maktaba, kwa sababu lile lilikuwa dungu letu. Wa katikati analala kwa kuwa wa pembeni yuko macho. Mgeni hotelini hana katikati. Kundi lake lote ni yeye, kwa hiyo ubongo wake unagawana zamu wenyewe kwa wenyewe, na asubuhi nusu moja inadai usingizi wake.

Ndiyo maana vipimo vya kelele havinitoshelezi, ingawa naviheshimu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi za Ulaya likipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Mwaka huohuo Kenya ilitunga kanuni zake za kudhibiti kelele, na kwa maeneo ya makazi kiwango cha usiku kikawekwa desibeli 35. Simu yangu, ambayo si kipimo cha kuaminika, ilisoma zaidi ya 60 ndani ya chumba kile cha mbele. Sheria ziwepo, na zisimamiwe. Kelele za miaka mingi zinaumiza moyo na mishipa ya damu ya wanaoishi hapo, wala si za kumsumbua mgeni wa siku kumi tu. Lakini hakuna desibeli zinazoweza kueleza kitasa kilichotikisika kwa vidole viwili.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo hakilioni. Kimya cha jiji kinauzwa. Chumba cha nyuma kina bei yake, dirisha la vioo viwili lina bei yake, mtaa wenye miti na geti una bei yake kubwa zaidi. Anayelipa kidogo hulala karibu na wanaofanya kazi usiku. Nilipochungulia dirishani saa kumi niliona kijana aliyejitanda shuka akikusanya abiria, mama akimimina chai kutoka kwenye chupa kubwa, na mzigo wa kabichi ukishushwa. Wote walikuwa macho kwa sababu ileile iliyokuwa ikimwamsha bibi yangu. Sikuweza kuwakasirikia kwa moyo wote, ingawa nilijaribu.

Asubuhi ya tatu nilishuka chini mapema. Mlinzi wa usiku alikuwa bado mlangoni, mzee wa makamo, koti zito, redio ndogo mfukoni. Nikamwamkia kama tunavyoamkia kwetu.

"Shikamoo, baba."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Marahaba! Wewe ni wa Tanzania. Hapa hakuna mtu huniambia hivyo."

Nikamwambia natoka Kilwa. Kilwa aliijua, aliisoma shuleni, mji wa masultani na magofu. Kipatimu hakuijua, na hilo silishangai, maana hata Dar es Salaam huwa naeleza. Kisha nikatoa daftari langu. Usiku ule wa pili, kwa kukosa la kufanya, nilikuwa nimeorodhesha kila sauti na saa yake. Nikamsomea. Mngurumo wa saa saba: pampu, akasema, maji ya mfereji huja usiku, lazima yapandishwe kwenye tangi la juu. Vyuma vinavyogongana saa tisa na nusu: kreti za mikate. Kicheko cha watu wengi saa nane: baa ya jirani inafungwa.

"Na hatua zinazosimama kila mlango?"

Akanitazama. "Hiyo ni mimi."

Alikuwa akikagua kama milango imefungwa. Kuna wageni, alisema, hurudi wamelewa wakalala mlango wazi, asubuhi simu haipo, na lawama huja kwake. Kwa hiyo saa tisa kila usiku hupanda ghorofa zote, akagusa kila kitasa kwa vidole viwili ili asimwamshe mtu.

Nilibaki nimesimama na kalamu yangu. Nikamweleza kwamba kwa mwanamke aliyelala peke yake, mguso ule unasikika vingine kabisa, na kwamba hoteli ingepaswa kuwaambia wageni. Hakubisha. Alifikiri kidogo, akasema ana mabinti wawili. Kisha akasema: "Basi nikifika kwa mlango wako, nitakohoa. Ukisikia kikohozi, ujue ni mimi. Lala tu, msichana wangu, mimi niko hapa mpaka asubuhi."

Kukohoa nilikujua. Mtu anayekaribia dungu usiku hukohoa kabla hajafika, ili aliye juu asimchukulie kuwa mnyama au mwizi. Sijui kama kwao pia ni desturi au lilimjia tu.

Usiku ule kiti nilikiacha palepale mlangoni, maana kumwamini mtu mmoja si kuliamini jengo zima. Pampu ilinguruma, nikajua ni maji. Kreti ziligongana, nikajua ni mikate. Kama alikohoa saa tisa sikumsikia. Nililala mpaka makanga wakaniamsha, na siku ile nilimaliza mafaili mawili.

Jioni nilimpigia bibi. Huwa ananiita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, na huwa haanzi mazungumzo kabla hajajua nimekula nini. Nilimsimulia hoteli, makelele, daftari. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwenzangu yeyote aliyeniuliza.

"Na huko unakolala, nani yuko zamu?"

Nikamwambia kuna mzee mmoja anakohoa.

"Umemwamkia?"

"Nimemwamkia."

"Basi lala, mke mwenza."

Nikamuuliza yeye je, shambani. Ilikuwa msimu wenyewe. Akaniambia yuko peke yake mwaka huu. Mjomba anafanya biashara Dar es Salaam, binamu zangu wako Kilwa Masoko, mimi ndiyo hivyo, nasoma. Alinieleza alivyofanya: amefunga makopo matupu kwenye kamba ndefu inayozunguka shamba, ncha ya kamba akaileta dunguni na kuifunga mguuni. Akisikia kitu, anatikisa mguu, makopo yanalia upande wa pili. "Silali, sikeshi," alisema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza mtambo alioubuni, na kwa kweli ulikuwa mtambo mzuri. Majirani wanaojibu debe nao wamepungua, aliongeza, kwa hiyo usiku umekuwa kimya sana.

Simu ilipokatika nilikaa kitandani na neno lile, kimya. Niliona kwamba vijana wa kwetu tumehamisha kelele zetu mjini. Tunakesha tukilinda milango ya watu, tunaita abiria, tunasukuma mikate, na wengine tunasoma mafaili. Kila mmoja wetu aliye zamu mahali fulani ameacha zamu tupu mahali pengine. Mzee wa mlangoni alikuwa macho kwa ajili yangu. Sikujua nani alikuwa macho kwa ajili ya mabinti zake.

Mwezi wa nane nilikwenda Kampala, kwenye warsha ya wanafunzi pale Makerere. Tulifikia hoteli ndogo ya Wandegeya, mtaa ambao haulali: wakaanga chapati na mayai, bodaboda, na spika za baa zilizotetemesha kioo cha dirisha. Kwa kipimo chochote kulikuwa na makelele kuliko Nairobi. Lakini safari hii nilikuwa chumba kimoja na mwenzangu wa darasani, binti wa Mbeya. Yeye hukesha akirekebisha wasilisho lake mpaka saa saba. Mimi huamka mapema kwa swala ya alfajiri. Hatukupanga zamu, ila usiku ulikuwa karibu wote na mtu, na vile vizibo vya sponji, ambavyo Nairobi sikuweza kuvivaa dakika tano, nilivivaa nikalala kama gogo.

Kwa hiyo nikiulizwa ushauri sasa, nautoa wote. Chumba cha nyuma. Mbali na lifti. Taulo chini ya mlango, feni, kiti. Andika sauti unazozisikia na asubuhi uliza kila moja jina lake, kwa sababu sauti yenye jina haikusumbui kama isiyo nalo. Na kabla hujapanda kulala, msalimie anayekesha. Muulize anapita saa ngapi.

Mwaka huu nimemkabidhi msimamizi wangu ratiba ya kumalizia tasnifu. Wiki mbili za mwezi wa tano nimeziandikia neno moja, "zamu." Alizizungushia kalamu nyekundu akauliza kama ni utafiti wa uwandani. Nikamjibu kwamba ni wa shambani. Bibi ameshaagiza betri za tochi na debe jipya, maana la zamani, anasema, limetoboka na mlio wake hauwatishi tena nguruwe.